Sauti ya Betri za Kuanikwa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana tangu tukulaze pale nyuma ya mikorosho ya mjomba sijapata mtu wa kuniitikia kwa ile sauti yako ya puani, ya kuivuta mpaka nikakasirika. Ni mimi mdogo wako, Mama Zai, yule yule mwenye maneno mengi. Ila kuna neno moja sikulisema. Nililimeza Kariakoo, nikarudi nalo mpaka kwetu Mkunya, nikakuuguza nalo, nikakuzika nalo. Leo nalitoa mbele za watu, maana kulisema peke yangu kaburini naona kama nakwepa.

Nianzie kwenye redio kaseti ya baba. Betri zilikuwa shida, unakumbuka. Duka la kijiji likipata betri leo, kesho zimekwisha, na mpaka zije nyingine mabibo yameiva, yamepondwa, yamenywewa. Tukawa tunazianika juani, kwenye bati la jikoni, nne kwa mstari, na mimi nimekaa chini nafukuza kuku. Zikishapata moto wewe unazirudisha haraka kabla hazijapoa, unabonyeza, na yule bwana wako wa kaseti anaanza kupiga solo.

Bwana wako nilimwita hivyo kwa wivu tu. Kaseti moja, bendi moja ya Dar es Salaam, wimbo mmoja upande wa pili. Gitaa lilitoka zito, polepole, kama mtu anayeongea na kipande cha muhogo mdomoni. Ulikuwa ukifumba macho. Mimi nakwambia, "Kaka, betri zinaisha," na wewe unasema, "Nyamaza, sasa ndiyo anaongea." Mpaka leo sijui watu wengine huwa wanalia kwa kitu gani wakiwa na miaka kumi na tatu. Mimi nililia kwa gitaa lile, nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Vitu vikaanza kuingia, mitumba ikamwagika Masasi, na mimi nikajitosa kuiuza. Wewe ukapata lile gitaa jekundu la mtumba, limekwanguka mgongoni, ukaingia nalo kwenye bendi pale Masasi mjini. Ulilegeza nyuzi zake kuliko wapigaji wote. Kiongozi wa bendi akikuuliza, "Mbona umelishusha hivyo?" unamjibu, "Ndivyo anavyopiga yeye." Na kweli, siku za Jumamosi nikisimama mlangoni mwa ukumbi na marobota yangu, nilikuwa nasikia bati la jikoni kwetu, nasikia na kuku.

Kwa wasiojua, gitaa la umeme lina kipande chini ya nyuzi, sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Hicho ndicho kinachoidaka sauti na kuipeleka kwenye spika. Nyinyi mliita pikapu. Mimi nilisema sumaku, maana pikapu nilizozijua zilikuwa zinabeba korosho. Gitaa lako lilikuwa na sumaku moja tu. Na hiyo moja nikaiunguza.

Siku ile Newala, walipokuwa wanawatoa watoto jandoni. Kipupwe, ukungu mpaka humwoni jirani. Bendi yenu iliitwa ipige mchana, na asubuhi mlipojaribu vyombo gitaa lako likawa limefifia, linanong'ona tu. Wewe ukasema ni unyevu, likae kidogo, ukaenda kunywa chai na wenzako. Pembeni, baba na wazee wenzake walikuwa wanapasha ngoma. Wamewasha nyasi kavu, wanaipitisha ngozi juu ya moto, wanaigonga kwa vidole, wanasikiliza, wanaipitisha tena. Ngoma iliyolala inaamka.

Kaka, kwetu kila kilichopoteza nguvu tulikipasha. Betri tulianika. Ngoma tulipasha. Mtoto akizaliwa mnyonge alikandwa maji ya moto. Sasa mimi ningewaza nini? Nilichukua gitaa lako, nikalipitisha juu ya zile nyasi, uso chini, taratibu, nikigonga kwa kidole kama baba. Nilijiona fundi. Baba mwenyewe aliniangalia, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, endelea. Kisha nikasikia harufu ya plastiki.

Uliporudi na kulichomeka, hapakuwa na kitu. Hata kunong'ona hakuna. "Umelifanya nini?" ukaniuliza. "Nimelipasha," nikasema. Wee! Watu walicheka siku ile. Mjomba alisema Mama Zai kachoma gitaa kama muhogo, alisubiri chumvi tu. Hata wapiga ngoma wakaangusha vijiti vyao. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Na wewe, uliyekuwa na haki ya kunizaba kibao, ukawatazama wote ukasema, "Lilikuwa na baridi kweli." Basi. Ukalifunga kwenye kanga yangu.

Heri ungenitukana. Maana bendi haikungoja. Kiongozi alisema kiti chako kipo mpaka gitaa lipone, lakini Masasi nzima hapakuwa na sumaku ya gitaa, na baada ya wiki chache akakaa mtu mwingine kwenye kiti hicho. Ukarudi Mkunya kupalilia korosho za mjomba. Jioni ulikuwa unapiga gitaa kavu, bila umeme, sikio umelilaza kwenye ubao ili ulisikie. Nilikuwa nikitoka bondeni na ndoo ya maji kichwani nakukuta hivyo, napita kimya kimya, na mimi kupita kimya kimya unajua si kazi ndogo.

Ndipo nikasema nitakwenda Dar mwenyewe. Nilikuwa naenda kufuata mzigo wa mitumba. Ukanipa sumaku iliyoungua nikaulizie mfano wake, ukanipa na kaseti ya baba. Ukaniambia, "Usinunue kwa macho. Mwambie fundi akupigie zote alizonazo, halafu uchague inayolia kama huyu. Sikio lako naliamini kuliko langu." Nimeambiwa mengi na wanaume katika maisha haya, kaka, na yule baba Zai alikuwa fundi wa maneno. Hakuna aliyeniambia neno kubwa kama hilo.

Sasa nisikilize. Hapa ndipo lilipo neno lenyewe.

Fundi wa Kariakoo alikuwa na sumaku mbili zinazoingia kwenye gitaa kama lako. Moja nene, imepauka, mfuniko wake umepasuka. Nyingine nyembamba, inang'aa. Alikuwa na gitaa la kujaribia, tumbo wazi, anaunga waya na kupiga. Akaunga ile nene kwanza. Kaka, nilishika meza. Ilikuwa ni yeye. Ule uzito, ule muhogo mdomoni. Niliona bati, nikaona mgongo wako umeinama kwenye redio. Nikasema, "Hiyo hiyo, usihangaike na nyingine."

Fundi akacheka. "Dada, umetoka wapi?" Nikasema Newala. "Nipe hiyo kaseti yenu." Akaiweka kwenye mashine yake ya umeme, umeme wa ukutani, usiochoka. Akabonyeza. Na yule bwana akaanza kupiga, mwepesi, mkali, anakimbia, kila uzi unachoma kivyake. Sikumjua. Nikasema labda amekosea upande. Fundi akanionyesha, upande ni ule ule. "Huyu ndiye mpigaji wenu," akasema. "Huko kwenu mlikuwa mnasikiliza betri mbovu, zinauvuta mkanda polepole." Vijana waliokaa mlangoni wakaangua kicheko.

Akaunga ile nyembamba, akaipiga. Ndiyo, ilikuwa sawasawa na mashine. Sawasawa kabisa.

Nilikuwa na akili zangu timamu. Nilijua ulichonituma. Ulisema inayolia kama huyu, na huyu wako nilikuwa nimeshamsikia kwenye ile nene. Lakini niliona haya. Nilishachekwa Newala kwa ushamba wa moto, nikaona siwezi kuchekwa tena Kariakoo kwa ushamba wa betri. Nikanyoosha shingo kama mtu wa mjini, nikasema, "Nilikuwa nakupima tu fundi. Nifungie hiyo nyembamba."

Hilo ndilo nililolificha. Kwamba ile yako niliishika mkononi, nikairudisha mezani kwa kuogopa kicheko cha vijana watatu nisiowajua hata majina.

Tulipofika Rufiji, tunangoja pantoni, nilitaka kugeuza. Wallahi nilishashusha mguu mmoja. Nikajiambia hapana, nampelekea kitu cha kweli, atamjua mpigaji wake alivyo. Tukakwama kwenye matope, tukalala njiani, tukafika Nanganga, kabla ya Masasi, nimechoka kama nimetwangwa, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kukwambia. Nilipokuona umesimama stendi Masasi, umekonda, yakaniishia. Nikakupa tu, mpya na ile iliyoungua.

Ulikwenda kwa Fundi Makota, yule Mmakua anayetengeneza redio karibu na soko, akakufungia. Ukapiga. Nilikuwa nakutazama usoni, si mkononi. Ulipiga vile vipande vyote unavyovijua, ukasimama, ukapiga tena kidogo. Halafu ukaniangalia, ukacheka. "Ndiyo yenyewe, Mama Zai. Umeniletea yeye mwenyewe." Nikashukuru Mungu, mjinga mimi.

Kiti ukarudishiwa. Na baada ya kama wiki mbili hivi nilikuja ukumbini, nikasimama mlangoni, nikasikia bati la jikoni. Zito vile vile. Nikashangaa. Nikajiambia pengine sumaku nayo ni kama kiatu, kinabana mwanzo halafu kinazoea mguu. Ulipotoka jasho linakutiririka ukaniuliza, "Umeisikia ile sumaku yako?" Nikakujibu, "Nimeisikia, kaka. Nilijua kuchagua!" Nikajisifu mpaka Lupaso kwa shangazi. Nikasahau kabisa kwamba nilikuwa nimekudanganya.

Kifua chako kikaanza mwaka ule ule. Ulisema ni vumbi la ukumbi. Mficha maradhi kilio humfichua, nilikwambia, ukanijibu kilio unakijua wewe, mimi niache nipige. Uliporudi Mkunya safari hii hukuweza hata kulibeba gitaa, nililibeba mimi. Kipupwe tena. Nilikuwekea jiko la mkaa karibu na kitanda, nikakukanda miguu kwa maji ya moto, nikashika vidole vyako nikavipasha kimoja kimoja juu ya jiko, taratibu, nisije nikakuunguza. Ukafumbua macho ukasema, "Angalia usije ukanichoma kama gitaa." Tukacheka wote wawili, na wewe ukakohoa. Sikujua kama ndiyo maneno ya mwisho ya maana utakayonipa. Vidole havikupata moto, kaka. Nilivipasha mpaka baba akaja akanishika bega.

Baada ya arobaini yako akaja Fundi Makota kutoka Masasi kutoa pole. Alikaa, akala, akazungumza na baba habari za mvua. Alipokuwa anaondoka akaniita pembeni, akanipa kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Kanga yangu. "Hii ni amana ya marehemu," akasema.

Nilifungua. Sumaku nyembamba, inang'aa.

Akanieleza kwamba siku ya tatu tu baada ya kuifunga ulirudi kwake na ile iliyoungua. Ukamwambia azungushe waya upya kwa mkono, waya wa spika mbovu, hata ukikatika aunge. Alikukatalia, alisema haitatoa sauti nzuri, itakuwa imeziba. Ukamwambia unataka hiyo hiyo iliyoziba. Mlikaa siku tatu, yeye anazungusha, wewe unapiga na kusikiliza, unamwambia ongeza, punguza, mpaka ikakubali. "Na ile ya dada nifanyeje?" akakuuliza. Ukamwambia, "Itunze. Asijue. Alikwenda mbali kuifuata."

Nilikaa chini pale pale kama mfiwa, mbele ya mgeni, na matanga yalikuwa yamekwisha.

Kumbe ulijua. Ulijua tangu kipande cha kwanza kwamba siyo, ukacheka ili nisione. Na mimi nilijua siyo, nikajisifu ili usione. Sina hasira nawe, au ninayo kidogo. Ungeniambia, ningepanda basi siku ile ile, ningevuka Rufiji hata kwa kuogelea, ningemwambia yule fundi na vijana wake, chekeni mpaka meno yang'oke, nipeni ile nene. Lakini na mimi mdomo nilikuwa nao, nikautumia kusema ya watu tu.

Nisamehe, kaka. Nimelisema.

Gitaa lipo, limetundikwa chumbani kwa baba, halijaguswa tumbo. Mle ndani kuna kile nilichokiunguza, na wewe ukakiponya. Ile nyembamba naitunza kwenye kopo la sindano. Maduka ya Newala siku hizi yamejaa betri, za kila rangi, hata mtoto anatumwa na anarudi nazo. Zai ananishangaa, ananiuliza, "Mama, kwani hatuwezi kununua mpya?" Namwambia tunaweza. Kisha nazichukua zile zilizochoka, nazipanga nne kwenye bati, nakaa chini nafukuza kuku. Zikishapata moto nabonyeza.

Lala salama, kaka. Huyo hapo, ameanza kuongea.

Ni mimi mdogo wako, wa sikio uliloliamini,
Mama Zai