Chumvi Kwenye Kisima Chetu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni miaka sita tangu tukuzike, na bado ulimi wangu unaanza na shikamoo kabla ya neno lolote. Nakuandikia asubuhi hii nikiwa kitandani, wodi ya wazazi. Mimba ina miezi minane, na miguu imevimba mpaka kandambili hazinienei. Naogopa, Baba, na hapa sina wa kumwambia bila kumtisha na yeye.

Unaikumbuka siku tuliyowatafuta wale ng'ombe wawili? Nilikuwa na miaka tisa. Tuliwafuata tangu alfajiri mpaka tukaingia kwenye itogolo, ile ardhi nyeupe, ngumu, isiyokubali hata mtama. Kibuyu cha maji kilinidondoka njiani kikapasuka, nikaogopa kukwambia. Ulipokiomba, nikakuonyesha mikono mitupu. Hukunipiga. Ulikaa chini tu, ukaangalia tulikotoka.

Mchana nikaona kichaka chenye majani manene yaliyojaa maji, cha kijani mahali ambapo kila kitu kilikuwa kimekauka. Nikachuma, nikatia mdomoni. Uliruka kama mtu aliyeona nyoka.

"Tema! Kabula, tema yote!"

Ukaniingiza kidole mdomoni, ukakomba kila kipande. Nikalia kwamba majani yana maji, mbona unaninyima.

"Yana maji ya chumvi," ukasema. "Mti huu unainywa chumvi unaifungia kwenye majani. Jani likijaa linakuwa jekundu, linadondoka, mti unabaki mzima. Sisi hatuna jani la kudondosha, mwanangu. Hii itakukausha kuanzia ndani."

Tukaendelea kutembea. Ili nisikae chini, ukawa unanionyesha vitu. Ulinionyesha nyasi fupi zenye chembe nyeupe juu ya majani, ukasema hizo zinaitoa chumvi kama jasho. "Ukiziona zimeota mahali, udongo umeshaingiwa. Na maji ya hapo usiyaamini." Jioni tukafika kwa mama mmoja karibu na barabara ya Kolandoto, akatupa maji kwenye kata. Ulininywesha kidogo kidogo, wewe ukasubiri, na mikono yako ilikuwa inatikisika. Ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba baba naye huogopa.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Mume wangu, Baba Minza, aliacha uchimbaji wa dhahabu kule Segese, akarudi nyumbani Kharumwa. Yeye na wenzake wakatuchimbia kisima nyuma ya nyumba, kirefu, kwa ufundi wao wa mashimoni. Maji yalikuwa mengi! Nikamwagilia mchicha na nyanya kiangazi kizima, nikatamba kwa majirani. Kiangazi cha pili kingo za majani ya mchicha zikaanza kuungua. Juu ya matuta pakawa peupe, kama mtu amemwaga unga wa muhogo. Nikasema ni mbolea. Minza, mwanangu, akasema chai haina ladha nzuri, nikamkaripia kwa kudeka.

Mwezi uliopita, kliniki, muuguzi alinipima presha mara mbili, akakunja uso.

"Mama Minza, unakula chumvi nyingi?"

"Hapana, nesi. Hata kwenye maharage siku hizi sitii chumvi."

Nilipojisikia nikisema hivyo, nikashtuka. Ni kweli nilikuwa nimeacha kutia chumvi, miezi mingi, kwa sababu maharage yalikuwa yanakolea yenyewe.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja mpaka kisimani. Zilikuwa zimeota pande zote, Baba. Nyasi zile zile. Nililamba jani moja, nikakaa kwenye tope kama nilivyokuwa, na nguo zangu za kliniki.

Nilipomrudia nesi kumweleza, hakusema kwamba ni kisima. Alisema presha ya mimba ina mambo mengi, ila maji hayo tuyaache siku hiyo hiyo. Baba Minza akakifunika kwa bati na mawe, sasa anafuata maji mbali kwa baiskeli. Presha ikashuka kidogo, ikapanda tena. Juzi niliona vimulimuli mbele ya macho mchana kweupe, ndipo akanileta hapa.

Kinachonitisha zaidi si kufa. Aliye tumboni alikunywa nilichokunywa, na Minza pia. Na mimi niliambiwa. Katika watoto wako wote, mimi ndiye uliyenifundisha, na nyasi ziliota hatua kumi kutoka jikoni kwangu nikawa nazikanyaga kila siku. Ningeziangalia mara moja tu! Silali kwa hilo.

Baba Minza yuko nje kwenye benchi. Tangu anioe jibu lake ni moja tu: haina shida. Leo nimemuuliza kama anaogopa. Akasema, "Sana," akanishika kichwa. Ajabu ni kwamba nilipumua vizuri kidogo.

Daktari amepita. Mtoto anatolewa leo kwa upasuaji, hawasubiri tena. Moyo wake wameusikia, unapiga haraka, wanasema ni sawa. Nimewaomba niusikie mwenyewe, nikausikia.

Nesi wa wodi amesimama hapa na kitanda cha magurudumu. "Mama Minza, weka kalamu chini." Nimemwomba dakika moja, na dakika yenyewe ndiyo hii.

Pumzika, Baba. Mimi naingia.

Bintiyo,
Kabula