Miwani Ndani ya Mkebe wa Githeri

Nchiru, Meru
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekunywa chai yako na goti limekupa nafasi ya kulala. Je, mvua imefika Kianjokoma? Hapa tunaonyeshwa mawingu tu. Sisi ni wazima. Mke wangu bado anasema duka langu la vitabu na fotokopi linauza mabishano mengi kuliko karatasi, na wanafunzi wa chuo wanamuunga mkono. "Prof," wananiita, "leo umegombana na nani?"

Sikupiga simu kwa sababu ungeiweka kwenye spika majirani wakasikia, na neno hili ni la nyumbani. Linamhusu mjukuu wako Wawira.

Asubuhi anatoka amevaa miwani yake. Jioni anarudi amevaa. Lakini daftari lake limejaa makosa ya mtu anayenakili gizani. Siku moja niliishika ile miwani nikakuta vioo vina mafuta. Nikanusa. Githeri! Kumbe akishapita kona ya kanisa anaivua na kuifukia ndani ya mkebe wake wa chakula.

Unanijua, Baba. Nilianza kutafuta mwenye kosa. Wa kwanza alikuwa muuza miwani kule Meru mjini. Mtu anayekupima macho kisha akakuuzia dawa ya alichokipata, mimi simwamini, na nilimwambia hivyo mbele ya wateja wake.

"Umempa mtoto vioo vikali. Vinamuumiza."

"Mzee, mpeleke akapimwe kwingine. Mimi nipo hapa."

Nilimpeleka hospitali. Vipimo vikawa vilevile. Bado namshuku yule bwana, lakini kwa mambo mengine.

Nikaenda shuleni. Nilikuwa na uhakika watoto wanamcheka.

"Hakuna anayemcheka, Baba Wawira," mwalimu alisema. "Wenzake wanang'ang'ania waijaribu. Nikimwambia aivae, analia."

"Mtoto halii bure."

"Basi muulize. Lakini muulize polepole, usimhoji kama uko bungeni."

Nilimwachia mama yake kazi hiyo. Kwanza alimpeleka akachague fremu mwenyewe, kwa sababu ile niliyochagua mimi, anasema, ilimfaa mweka hazina wa kanisa. Wawira akachukua ya zambarau. Akaambiwa aivae wakati wa katuni tu, kisha wakati wa kusoma, bila kusukumwa. Alikubali, lakini kila akiivua alikimbilia mlangoni na kuutazama mlima, kana kwamba anahakikisha bado upo. Hapo nikajua si aibu. Ni hofu.

Jana wakichambua maharagwe, mama yake alimuuliza anaogopa nini. Mtoto akajibu bila kuinua kichwa, akimtaja marehemu mama yangu: "Cucu alianza na miwani. Halafu akawa haoni. Na mimi ndiye cucu."

Unakumbuka Pasaka, Baba. Alipoingia uani na miwani mpya ulisimama ukaita, "Mke wangu amerudi!" Sote tulicheka, maana hivyo ndivyo babu anavyomsalimu mjukuu mwenye jina la mkewe. Kisha ukamshika mkono ukamvusha hadi jikoni, ukimwambia, "Polepole, hapa kuna jiwe," kama ulivyokuwa ukimwongoza Mama. Sisi tuliona mapenzi. Mtoto aliona njia yake imeshachorwa: amepewa jina la cucu, sasa amepewa miwani ya cucu, kilichobaki ni giza la cucu. Kwa hesabu yake, kila saa anayokaa bila kuivaa amejiokoa kidogo.

Nilimweleza kwamba Mama aliugua presha ya macho, ikamla kimyakimya, na miwani haikuwa na kosa. Nikamwambia hospitalini walimpima hata hiyo presha na hana. Nikamchorea jicho. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, wewe unabishana na kila mtu. Guka ndiye alikuwa na cucu." Yaani shahidi ni wewe babu yake, si mimi.

Mama yake alicheka mpaka akamwaga maharagwe. Mimi sikucheka, kwa sababu nakushuku, Baba, na utanisamehe. Niliwahi kukusikia ukimwambia jirani kwamba tangu Mama avae vile vioo hakuona tena vizuri. Kama hadi leo unaamini miwani ndiyo iliyommaliza, bishana nami. Mimi nina muda. Mtoto hana, mwakani mtihani utamkuta anabahatisha herufi.

Jumamosi tutakuja. Mwite mke wako, mila hiyo siigusi. Lakini usimwongoze. Mketishe karibu nawe, umwambie kwa kinywa chako Mama aliugua nini, na kwamba tulichelewa kumpeleka hospitali.

Nisalimie dada yangu Marigu anayekukamulia ng'ombe, na umwambie aache kumwambia mtoto "pole" kila akiona miwani, hajafiwa. Nisalimie pia shemeji yangu wa buying center ya majani chai, na mama mchungaji ambaye najua atataka kuiombea. Aombe, lakini asiivue.

Wawira akikuuliza kama atapofuka, usitazame chini. Anakuona vizuri sasa.

Mimi mwanao, mbishi uliyemzaa mwenyewe,
Njeru