Buibui Nyeusi, Buibui Mweusi

Jumanne, 18 Machi 2025

Milcah ameenda. Si kuniacha! Ameenda kwa dadake Dagoretti Corner, yeye na mtoto na beseni la kuogea mtoto. Sababu — buibui. Mmoja! Alitoka ile stoo ya chini ya ngazi, akapita chini ya mlango wetu, akapanda shali ya mtoto wetu Anita. Mtoto ana wiki tano. Mimi nikacheka. Hapo ndipo nilikosea.

Nimemfungia kwa chupa ya jamu. Mnyama msafi kweli. Mweusi hivi, ama kahawia, inategemea umesimama wapi. Tumbo mviringo kama pilipili manga imenenepa, miguu ina pete pete.

Milcah akauliza huyu ni buibui gani. Nikamwambia mama, hawa nawajua wote, Doha nililala nao chumba kimoja miaka mitatu. Akasema Doha nilikuwa nalinda geti la godauni. Akasema atarudi siku nitamwambia jina la huyu mdudu, kama anaua mtoto ama haui, na takataka yote ya stoo iwe imechomwa.

Nikasema kesho. Kesho! Mimi na hii mdomo yangu.

Jumatano, 19 Machi

Nimeuliza wataalamu. Oduor, fundi wa stima: tarantula, kabisa kabisa, amemuona kwa filamu. Ndanu wa mboga pale getini: huyo ni wa baraka, kwao wanamwacha tu. Simu yangu: nimepiga picha nikatafuta, ikaleta buibui wa Australia, halafu kaa wa baharini, halafu viatu vya wanawake.

Tarantula, baraka, kaa. Na mimi bado sijui.

Nimemtupia nzi. Amemfunga kwa uzi kama kifurushi cha posta. Hiyo kazi ni safi, lazima niseme.

Nikakumbuka mimi ndio keateka, mtunzaji wa hii flati, na juu yangu wanaishi watu wamesoma. Nikaandika kwa grupu: "Salamu wapangaji. Kuna buibui nyeusi imepatikana stoo. Mwenye anaijua aseme. Jumamosi nachoma vitu vyote vya stoo." Nikaweka na picha. Picha ikakataa kwenda. Bando imeisha.

Nimengoja mpaka usiku, bure. Wasomi!

Alhamisi, 20 Machi

Alfajiri mlango unagongwa kama nyumba inaungua. Madam Fatema wa 2B, ametoka kula daku, kandambili moja ya bluu moja ya kijani.

"Nashon, usichome! Iko wapi?"

Nikamletea chupa.

Akaangalia chupa. Akaniangalia mimi. Akakaa kwa ngazi.

Kumbe! Kumbe yeye anatafuta buibui la kuvaa. La mamake, mama wa Mombasa, aliyefariki mwaka jana. Walipohamia hapa Agosti kifurushi kimoja kilipotea na amekitafuta mpaka akachoka. Alitaka kulivaa Idd. Alisoma grupu akasema Mungu amejibu. Kumbe Mungu amejibu na mdudu wa chupa.

Nikasema lakini Madam, si niliandika vizuri?

"Umeandika nyeusi. Ungeandika buibui mweusi ningejua ni mdudu. Ungeandika jeusi ningejua ni nguo."

"Na nyeusi je?"

"Nyeusi ni ya Nairobi, Nashon. Nyeusi ni kila kitu."

Alikuwa anacheka na anapangusa macho, yote mawili. Mimi sikujua nicheke ama nipanguse. Mimi, ambaye Kiswahili nilikuwa namba mbili darasani mpaka darasa la saba! La nane sikuingia. Pengine hiyo mweusi na jeusi walifundisha la nane.

Nimeahidi sitachoma kitu mpaka nipekue kila mfuko kwa mkono wangu. Nimempigia Milcah nikamweleza. Akasema: "Kwa hivyo hakuna jina na hakuna moto." Akakata.

Jumapili, 23 Machi

JINA LIMEPATIKANA.

Mzee Vasant wa 1A amerudi safari. Mfamasia mstaafu, ana kioo cha kukuza vitu, ana subira. Akaniambia nyinyi wote mnaangalia mgongo. Huyu hasomwi mgongoni. Inua chupa juu, tazama tumbo.

Nikainua. Wacha! Chini ya tumbo alama ya rangi ya chungwa, imebanwa katikati kama saa ya mchanga. Siku tano ninaye na sikuwa nimemgeuza.

Mzee akasema huyu anaitwa buibui kifungo.

Nikauliza kifungo cha miaka mingapi.

Akasema kifungo cha shati, wee Nashon! Sababu ya hilo tumbo mviringo. Halafu akaacha kucheka. Ana aibu, akasema, hatafuti mtu. Anauma akibanwa tu: ndani ya kiatu, ndani ya glavu, kwa mkunjo wa nguo. Mtu mkubwa atalia usiku mmoja. Mtoto wa wiki tano ni kukimbia hospitali, hakuna kungoja.

Kwa mkunjo wa nguo. Shali ilikuwa na mkunjo. Na mimi nilicheka.

Tena hutaga mayai, Mzee akasema. Tufe dogo, rangi ya maziwa, miba miba pande zote. Nikipata hayo, huko ndiko wanaishi.

Nikampigia Milcah. Nikasema anaitwa Kifungo. Akasema nani amefungwa? Nikasema hakuna mtu amefungwa, ni jina. Akasema jina la nani? Nusu saa! Mwishowe akaelewa, akauliza lile moja tu: anaua mtoto ama haui.

Nikasema... inategemea.

Si jibu la mtu ametembea dunia. Najua.

Jumanne, 25 Machi

Stoo. Gambuti, glavu, tochi mdomoni. Kila glavu naikung'uta mara tatu kabla ya kuingiza kidole. Nimetoa magodoro mawili, gurudumu, jiko bila mguu, picha ya harusi ya watu hakuna anayewajua. Tufe hakuna. Nguo hakuna.

Mvua imeanza. Mvua ndiyo inawasukuma ndani, Mzee Vasant amesema.

Milcah ametuma sauti. Anita ameanza kucheka! Kicheko kifupi, kama kikohozi kimekosea njia. Nimeisikiliza mpaka simu ikazima.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemwambia Milcah aje kesho, stoo ni safi.

Uongo? Karibu ukweli. Kumebaki kona moja, nyuma ya tangi la maji.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika nimekaa kwa ndoo mbele ya stoo.

Nyuma ya tangi kulikuwa na mfuko wa plastiki, umefungwa kwa utepe, pembe moja imetoboka. Nikaufungua kidogo. Kitambaa cheusi. Na harufu ya udi — miezi saba kwa hii vumbi na udi bado uko! Kama mtu ametoka chumbani sasa hivi. Nikaanza kumwita Madam, halafu mwanga wa tochi ukaangukia mkono wa nguo.

Kwa mkunjo, matufe manne. Rangi ya maziwa. Miba miba. Na katikati yake mama mwenyewe, mwingine, si yule wa chupa, tumbo juu, saa yake ya chungwa inaniangalia.

Chupa ya mafuta taa iko hapa karibu na mguu wangu, na kiberiti. Nilinunua tangu ile siku ya kwanza. Milcah ameandika wako njiani, wamepita Adams Arcade. Nikitaka, ni dakika mbili na nimetimiza neno langu kwake.

Nimerudisha kiberiti jikoni.

Nimemwita Mzee Vasant. Amechungulia, ameinua nyusi. Amesema dawa hapana, itaharibu nguo na harufu yake. Kugandisha! Mfuko wote ndani ya friza, siku mbili, mama na mayai wanaisha na nguo inabaki nguo. Jumatatu ni Idd. Inawezekana!

Lakini friza ni ipi? Yangu sina. Ya Madam Fatema inaingia chupa mbili za maziwa. Friza kubwa ya hii flati ni moja, ya Mama Kamla, mke wa Mzee mwenyewe. Na kwa nyumba ya Mama Kamla yai haliingii, dini yao inakataza. Nyama haiingii, yai haliingii, hata keki ya mgeni inaulizwa maswali mlangoni.

Mzee amesimama kwa ngazi akanong'ona: "Nashon, yai ya buibui, hiyo ni yai?"

Nimesema sijui, Mzee. Kweli sijui. Ameenda kuuliza. Juu nasikia sauti ya Mama Kamla, inapanda.

Sasa nimwandikie Madam Fatema nini? Safari hii sitaki kukosea. Nimeipata — atauliza ipi. Nimempata — atafikiri mdudu tu. Nimelipata — atakuja mbio atie mkono. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Halafu ile harufu ikanipitia tena, kama mamake mwenyewe yupo hapa, na nikaandika ile moja ilikuja:

"Madam, nimewapata. Wote. Usiguse kitu mpaka nikueleze."

Imeenda.

Geti linagongwa. Ni Milcah, mtoto namsikia. Anauliza kutoka nje kama nimeshachoma.

Simu imelia. Madam Fatema: "Wote kina nani?"