Msalaba wa Mti wa Kanada

Bondeni,
Mombasa.
14 Juni 1997

Mpendwa mdogo wangu Samuel,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko Toronto, na ile baridi yenu imewaachia? Sisi hatujambo. Mama magoti yamsumbua, lakini shamba hajaliacha. Masika yamekwisha, na karakana yangu yavuja palepale pa siku zote.

Ule ubao wa mepo, mti wa huko kwenu Kanada, uliompa rafikiyo Seth aniletee, nimtengenezee Baba msalaba kwa kuwa hukuwahi maziko, nina habari zake. Si nzuri.

Mti wenyewe ni mzuri, sikatai. Ni mweupe kama tui, na nyuzi zake zimebanana hata huzioni. Msumari ulipinda mara mbili, ikabidi nitoboe kwa keekee. Msumeno ukipungua makali, waacha alama za kuungua. Kwa msasa ulikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Mafuta tu ndiyo yalinishinda: uliyanywa hapa, ukayaacha pale, ukatoka madoadoa.

Kosa ni langu. Sisi mafundi wa huku tumezoea mbambakofi: msumari ukipinda, twajua mchwa hawauwezi mti huo. Basi Pasaka ya mwaka jana nikauchimbia kaburini kule Kaloleni, bila lami wala zege. Mwezi uliopita Mama alienda kupalilia, akaushika apate kuinuka, ukamvunjikia mkononi. Mchwa walikuwa wameula, ndani ulikuwa udongo mtupu. Aliketi papo hapo mpaka dada yetu Dama alipomfuata. Samuel, niliona haya sana.

Nimeweka mwingine wa mbambakofi. Mepo ni mti wa ndani, pakavu: meza, sakafu, vyombo vya jikoni. Kipande kilichobaki nimemfanyia Mama kibao cha kusukumia chapati. Hakishiki harufu ya kitunguu wala unga haukigandi. Mke wangu Mbeyu ameshaanza kukitamani.

Nilimwuliza Mama nikuandikie nini juu ya msalaba, nikidhani ataniambia nikufiche. Alikuwa akisukuma chapati, hakuinua macho.

"Mwambie asilete mbao tena. Aje mwenyewe."

Dama na Mbeyu wakusalimu sana. Mungu akulinde kazini, akufungulie njia ya kuja ungali na wa kumkuta.

Ni mimi kakako, nikupendaye,
Kahindi