Pembe Yangu Yenye Sauti Moja

Arua, Alhamisi

...na bado sijaondoka. Leo nilifanya jaribio. Katika agwara, pembe zetu ndefu za mbao, kila mpigaji ana sauti moja tu, nayo huitoa zamu yake ikifika. Zamu yangu ilipofika nilinyamaza makusudi. Nilitaka kujua kama shule yetu ya muziki itaweza kumpigia gavana Jumamosi bila mimi, nami niwe nimekwisha kuvuka mpaka kupitia Koboko, kabla askari hawajajua niliyoyasema chuoni.

Wimbo ulichechemea, ukafa. Wote walinigeukia. Askari anayekaa mlangoni kutusikiliza alicheka.

"Huyu mutu ya yunivasiti! Mdomo iko, pembe inashinda yeye!"

Mwalimu Drani hakucheka. Wakati wa mapumziko alinifuata nje, akaifuta pembe yangu kwa shati lake.

"Kijana, mimi najua wewe nataka kwenda. Lakini Jumamosi kama sauti yako hakuna, wataulizia mimi."

Mimi, niliyesimama juu ya meza chuoni nikawaambia mamia kwamba woga wetu wenyewe ndio mlinzi wa gereza letu! Lakini huu si woga wangu. Ni shingo ya mzee aliyenifundisha, na siwezi...

Nilirudi ndani. Zamu yangu ilipofika niliitoa sauti yangu, safi, mahali pake hasa. Wimbo ulikwenda mzima hadi mwisho.

Askari ndiye aliyetangulia kupiga makofi.

"Sasa iko muzuri! Nyinyi mutapigia kambi yetu kila Jumamosi."