Nusu ya Alama

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Shikamoo yako imefika, na malalamiko yako pia. Babu yako hajambo, viazi tumeshavuna.

Unasema mtihani wa Kihispania uliandika bila kosa, lakini mwalimu amekupa alama ndogo. Miaka ya Ujamaa, nikiwa kidato cha tano, nami yalinikuta hayo kwenye Kifaransa. Nyumbani tulikatazwa kujibizana na wakubwa, basi darasani niliinamisha macho mwaka mzima. Nilipokwenda kuuliza, mwalimu hakukasirika.

"Nusu ya alama ni za kuzungumza," alisema. "Nitakupaje, nami sijawahi kuisikia sauti yako darasani?"

Nilikuwa na jibu zuri, tena la Kifaransa. Nikaondoka nalo.

Mimi sauti yako naijua tangu ulipozaliwa. Mwalimu wako je, ameshaisikia?

Bibi yako,
kijijini Gare