Kunde za Mize

Jumatatu, 7 Machi 1938
Nimeosha mchele wa Dada Mize kabla ya shule. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka yakatakata. Nimeyamwaga uani. Dada yumo arubaini tangu amzae Hamadi, na mzazi wa nyumba hii hali ila wali mweupe na uji wa mchele. Shemeji alileta gunia la dukani tangu mimba changa. Mtaa mzima wa Tibirinzi ukamsifu. Sisi wengine muhogo na kunde. Nikibahatika, nakwangua ukoko. Namwonea wivu, basi.

Alhamisi, 10 Machi
Somo la mapishi. Bi Salama, mwalimu wetu, aliweka sahani tatu. Mchele wa dukani. Mchele wetu wa bonde, uliotwangwa ukabaki na wekundu. Kunde. Kipi kina nguvu zaidi? Sote tulionyesha mweupe. Zuhura alisema mweupe ni safi, halafu unanunuliwa. Kunde zinaota tu. Tukakubali. Bi Salama akasema nguvu imo kwenye ile ngozi nyekundu, na anayekula mweupe peke yake siku nyingi miguu hufa ganzi. Tulicheka. Ngozi hiyo ni pumba, chakula cha kuku.

Jumapili, 13 Machi
Dada anasema nyayo zake hazisikii sakafu. Nikamfinya kidole cha mguu, kwa nguvu. Akaendelea kusuka ukili. Hakujua.

Nimeogopa. Nikamwambia Mama maneno ya Bi Salama.

"Weye ushazaa lini?" kaniuliza. "Mzazi hali kunde. Zitapita kwenye maziwa, mtoto aumwe na tumbo."

Dada mwenyewe kasema hawezi kula chakula cha shida na gunia lipo. Jioni nikaosha mchele mara moja tu, nguvu isiishie uani. Mama akaona, akanirudisha. Nikaosha tena.

Jumanne, 22 Machi
Hamadi analia bila sauti. Anafungua mdomo, uso unakunjamana, hakitoki kitu. Mama kasema ni kijicho, kafukiza ubani. Shemeji kafika kutoka Wete, kawachukua hospitali, Dada kabebwa. Mimi nikabaki nachambua mchele. Nilidhani nitalia. Wapi.

Wamerudi. Daktari kasema yale yale ya Bi Salama, na kwamba maziwa ya Dada hayana hiyo nguvu, ndiyo mtoto akaugua. Dada ale kunde, ale mchele wenye ngozi. Kawapa na dawa. Kasema pia wamechelewa. Mama kakaa kibarazani, hakuvua buibui mpaka magharibi.

Jumatano, 23 Machi
Hamadi amefariki alfajiri. Wamemzika baada ya adhuhuri. Sikulia. Majirani wameleta wali mweupe, sinia kwa sinia, kwa heshima yetu. Nilikula. Nilikuwa na njaa.

Alhamisi, 31 Machi
Shule. Zuhura kaniuliza mbona nimekonda, kanishauri nile wali. Sina hasira naye. Sina chochote naye.

Jumamosi, 2 Aprili
Mvua tangu asubuhi. Mama kaniita jikoni, kanipa kunde kwenye ungo, hakuniangalia. Nikazipika mpaka zikapasuka, supu yake sikuimwaga. Nikampelekea Dada kitandani. Kala zote, kaomba nyengine. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Safari hii hakusema habari za tumbo la mtoto. Nikaenda kumwongeza.